Bodi ya faiba na buti la mizigo kwenye pikipiki ya magurudumu matatu: mwongozo kamili

Wengi wanaounda pikipiki ya magurudumu matatu huanza bodi kwa kuchora madigadi. Mimi nasema anza na mizani. Ukishajua gurudumu la mbele limebeba kilo ngapi, utajua buti likae wapi, liwe kubwa kiasi gani na chuma cha kulibeba kipite wapi. Sura itafuata. Faiba inakubali kila umbo, na hapo ndipo watu wanapoponzeka: mtu hujaza nafasi yote iliyo nyuma ya kiti, akapata buti zuri na chombo kisichokata kona.

Hapa nazungumzia chombo kilichoundwa kwa fundi: mbele ni nusu ya pikipiki ya cc 125 hadi 200, nyuma ni fremu ya kuchomelea yenye ekseli na magurudumu mawili. Bajaji na guta la kiwandani vina bodi zao, ingawa mengi ya humu yatamfaa pia anayetaka kuongeza sanduku huko. Bahati yetu Unguja na Pemba ni kwamba kazi ya faiba si ngeni. Fundi anayeziba boti Nungwi au Mkoani anaijua rezini, gundi ya majimaji inayoganda pamoja na nyuzi ikawa faiba, kuliko mafundi wengi wa bodi za magari. Asichokizoea ni mtikisiko. Boti hupigwa na mawimbi, lakini bodi ya chombo hutetemeshwa na injini na barabara siku nzima, tena inatakiwa iwe nyepesi.

Jambo moja la kumaliza kabla ya kununua chochote: nenda kwa wakaguzi wa vyombo vya moto na mchoro wako, hata wa kalamu, uulize upana unaokubalika, taa zinazotakiwa na kama kadi itahitaji kubadilishwa. Ni rahisi kufuta mstari kwenye karatasi kuliko kukata madigadi yaliyokwisha kupakwa rangi.

Mzigo ukae wapi

Tafuta mizani ya chini, ile ya kupimia magunia. Weka gurudumu la mbele juu yake, na chini ya magurudumu ya nyuma weka mbao za kimo kilekile ili chombo kisiiname. Panda, kaa unavyokaa ukiendesha, mtu mwingine asome. Kisha pima urefu kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi katikati ya gurudumu la mbele.

Hesabu yake ni hii: zidisha uzito wa mzigo kwa umbali wa katikati ya mzigo huo nyuma ya ekseli, halafu gawa kwa urefu ulioupima. Jibu ni kilo zitakazopungua mbele. Tuseme urefu ni sentimita 150 na mzigo ni kilo 60. Katikati yake ikiwa sentimita 30 nyuma ya ekseli, mbele kunapungua kilo 12. Usogeze mzigo huohuo hadi sentimita 50, zinapungua kilo 20. Ukiuleta mbele ya ekseli, hesabu inageuka, gurudumu la mbele linaongezewa. Kipimo changu ni kwamba mzigo wote wa nyuma usipunguze zaidi ya sehemu moja ya tano ya kile kilichoonekana kwenye mizani. Ikizidi hapo usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mlima, au pale unapofungua moto ghafla, gurudumu la mbele halishiki tena barabara.

Kimo nacho kina neno lake. Chombo chenye gurudumu moja mbele hupinduka kwa kulalia pembe ya mbele, upande wa nje wa kona, na mzigo ukikaa juu unasaidia kukisukuma huko. Kwa hiyo sakafu ya buti iwe chini kadiri ekseli inavyoruhusu, na kama kuna nafasi kati ya kiti na ekseli, vitu vizito vikae hapo: jeki, spana, betri. Nyuma kabisa weka vyepesi, koti la mvua na turubai.

Sasa ukubwa. Buti la upana wa sentimita 80, urefu 60 na kina 40 linameza lita 192. Likijazwa madumu ya maji ni karibu kilo 190. Usiseme hutabeba maji. Buti likiwa na nafasi, jirani atakuomba umchukulie saruji, nawe utamchukulia. Ndiyo maana napenda buti lenye kina kifupi, au lililogawanywa kwa ukuta wa ndani, ili gunia zima lisiingie.

Chuma ndicho kinachobeba

Faiba ya milimita tatu ni ngozi tu. Ukiitegemea ibebe kilo 60 zinazorukaruka kwenye barabara za mawe za shamba, itavumilia kidogo, kisha nyufa zitaanzia kwenye matundu ya bolti. Sakafu ya buti ilale juu ya fremu yake: bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, unene wa milimita 2, lililochomelewa mfano wa ngazi, na vipande vya kukatisha kila sentimita 20 hivi. Fremu hiyo ishikwe na fremu kuu ya chombo sehemu nne. Kama nyuma kuna springi, usiishikize popote kwenye ekseli, kwa sababu ekseli inapanda na kushuka na bodi haitakiwi kuifuata.

Toa springi, inua ekseli kwa jeki mpaka ifike mwisho wake wa juu kabisa. Hapo ndipo upime nafasi ya madigadi: acha sentimita 5 juu ya mpira na sentimita 3 kila ubavu. Anayepima chombo kikiwa kimesimama bila mzigo atasikia mpira ukikwangua faiba siku ya kwanza atakapopakia abiria mnene.

Bomba la egzosi liwe mbali na faiba sentimita 10 au zaidi. Rezini ya kawaida huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 na kidogo, na egzosi inapita hapo bila taabu. Ikiwa nafasi haipo, weka bati la alumini katikati, lisimame kwa vipande vya bomba ili hewa ipite pande zote mbili. Bati lililogandishwa moja kwa moja kwenye faiba linapeleka joto kulekule.

Maliza kuchomelea kote, toboa matundu yote, piga msasa na paka rangi ya kuzuia kutu kabla hujafungua dumu la rezini. Bomba la mraba visiwani huoza kutoka ndani, kwa hiyo ziba ncha zake kwa kuchomelea, au acha tundu dogo upande wa chini maji yatoke. Usizibe nusu.

Rezini, mati na hesabu yake

Rezini ya poliesta inayotumika kwenye boti inatosha. Epoksi, rezini ya aina nyingine, ina nguvu zaidi, lakini ukiichanganya na mati ya kawaida, ule mkeka wa nyuzi za kioo, hutaipenda: nyuzi za mati zimeshikwa na gundi inayoyeyushwa na stairini iliyo ndani ya poliesta. Ndani ya epoksi gundi hiyo haiyeyuki sawasawa, mati inabaki ngumu na haitaki kulala kwenye kona. Epoksi inataka kitambaa cha kusuka, na bei yake ni nyingine.

Mati huuzwa kwa uzito wa mita moja ya mraba. Chukua ya gramu 450 kwa tabaka za ndani na ya gramu 300 kwa tabaka la kwanza. Tabaka moja la gramu 450 likiganda lina unene wa kama milimita moja. Kwa mati, rezini ni mara mbili na nusu ya uzito wake, na kwa kitambaa cha kusuka ni sawa kwa sawa. Hiki cha kusuka nakitumia sakafuni tu, tabaka moja kati ya mati mbili.

Buti la vipimo nilivyotaja lina mita za mraba 1.6 bila kifuniko. Ongeza kifuniko 0.6 na madigadi mawili ya nusu mita kila moja, unapata 3.2. Ukipiga hesabu ya tabaka tatu za gramu 450, mati ni kilo 4.3 na rezini kilo 10.8. Ongezea kidogo kwa ajili ya kinachobaki kwenye vikombe na brashi, nunua kilo 12 au 13. Jelikoti, ile rangi nzito ya juu, ni gramu 600 kwa mita, kama kilo 2. Bodi nzima itakuwa na kilo 17 hivi. Kilo hizo nazo ni mzigo, ziingize kwenye hesabu ya mizani.

Vingine: asetoni ya kusafishia brashi, rola ndogo ya chuma yenye mifereji, brashi za bei rahisi, mizani ya jikoni, sindano ya duka la dawa isiyo na ncha ya kupimia hadina (dawa ya kugandisha rezini), glavu, miwani inayofunika macho kote. Ukiagiza kutoka Dar es Salaam, rezini na hadina zije kama mzigo uliotangazwa. Usiziweke kwenye begi la abiria ndani ya boti.

Hadina, joto na saa ya kufanya kazi

Hapa ndipo vitabu vya nchi za baridi vinapotupoteza. Kule husema asilimia 2 ya hadina. Kwetu, joto likiwa nyuzi 30, asilimia 2 itakugandia kikombeni. Tumia asilimia 1, yaani gramu 10 kwa kilo, ambazo kwenye sindano ni kama mililita 9. Usishuke chini ya hapo kutafuta muda zaidi. Rezini iliyopungukiwa hadina huganda nusunusu, na tabaka likibaki laini hakuna jua litakalolikomaza. Muda unaongezwa kwa kubadili saa ya kazi. Subiri umande ukauke, fanya kazi kati ya saa 1 na nusu na saa 4 asubuhi, kivulini, penye upepo mdogo.

Changanya nusu kilo kwa mara moja, na utumie chombo kipana kisicho na kina, kama sahani ya plastiki. Rezini inapoganda inatoa joto, na ikiwa imerundikana ndani ya kikombe kirefu joto halina pa kwenda, linaharakisha mgando, mpaka kikombe kinatoa moshi. Ikikutokea, usikae ukishangaa. Kitoe nje, mimina juu ya mchanga mahali pa wazi. Kuna mafundi wanaomimina hadina kwa jicho au kwa kifuniko cha chupa, na kazi zao ukizigonga kwa kucha unasikia sauti mbili tofauti kwenye paneli moja.

Kuhusu msimu, kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kizuri zaidi: joto limepungua na hewa ni kavu kidogo. Masika usijaribu, labda uwe na banda lililofungwa. Mati inanyonya unyevu na ukiitia rezini inabaki na weupe wa maziwa usioondoka. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na asubuhi ya kazi ianike juani kwa muda wa saa moja, halafu uiache ipoe kivulini kabla ya kuitumia.

Usalama nitausema kwa ufupi kwa sababu hauna mjadala. Hadina ikiingia jichoni inaweza kulipofua, kwa hiyo miwani ivaliwe kabla ya kufungua chupa, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikirukia, osha papo hapo kwa robo saa nzima, kisha nenda hospitali. Rezini nyingi zimeshatiwa kobalti, dawa ya kuharakisha. Ukiuziwa kobalti pembeni, kamwe usiikutanishe na hadina peke yake, maana mchanganyiko huo hulipuka. Koroga kobalti ndani ya rezini kwanza, kisha ndiyo hadina. Mvuke wa stairini unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 31 hivi, joto la mchana wa kawaida wa Januari. Sigara, jiko la mkaa na mashine ya kuchomelea viwe mbali. Barakoa ya hospitali haizuii mvuke, unahitaji ile yenye filta za kemikali. Na unapokata faiba iliyokauka kwa greinda, vaa mikono mirefu, la sivyo utawashwa usiku kucha.

Kalibu ya buti

Kwa kuwa unaunda kimoja, kalibu haina haja ya kudumu. Tengeneza sanduku la mbao za kabati zenye uso wa plastiki unaong'aa, uso huo ukiangalia ndani. Unachokiona ndani ya kalibu ndicho kitakachokuwa nje ya buti, pamoja na kila mkwaruzo. Kuta zisisimame wima kabisa. Zifungue nje kidogo kuelekea juu, sentimita 2 kwa kila sentimita 40 za kina, vinginevyo buti halitatoka. Funga kalibu kwa skrubu kutoka nje, ili siku ya kuitoa uzifungue na kuzibandua mbao moja moja.

Kona za ndani ndizo zinazoamua ubora wa kazi. Mati haipindi kwenye kona kali, huacha uwazi nyuma yake na jelikoti hapo hubanduka ikiguswa na funguo. Jaza kona kwa udongo wa kuchezea watoto au nta laini, kisha pitisha mgongo wa kijiko cha chai kutoka mwanzo hadi mwisho mara moja bila kusimama, upate mviringo wa sentimita moja au zaidi. Kinachobaki pembeni kikwangue kwa kadi ya plastiki.

Halafu paka nta ya kalibu tabaka nne au tano, ukisugua kila moja mpaka ing'ae na kuiacha ikauke kabla ya nyingine. Juu yake pitisha PVA, ile dawa ya maji inayokauka ikawa ngozi nyembamba. Ukingo wa juu wa kalibu weka ubao wa sentimita 4 uliolala kwa nje kuzunguka pande zote, ili buti litoke na mdomo uliokunjwa. Mdomo huo ndio unaolipa buti ukakamavu, na ndiko kifuniko kitakakokaa.

Kulaza mati

Jelikoti inapakwa kwa brashi mara mbili, jumla ya nusu milimita. Chagua rangi ya mwanga: nyeupe, krimu, buluu ya maji. Nyeusi inapendeza siku ya harusi, lakini ikisimama juani Darajani saa 7 mchana inapata joto la kulegeza rezini, na paneli pana zitaanza kuonyesha mawimbi. Subiri hadi ukigusa kwa kidole kilichovaa glavu unahisi inanata ila rangi haikufuati. Huo ndio wakati wa tabaka la kwanza. Ukichelewa siku nzima, uso utakuwa umekauka na vumbi limekaa.

Mati ichanwe kwa mkono, usiikate kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzi zinazosambaa na kuungana na kipande cha jirani bila tuta. Vipande vipandane sentimita 5, na viungo vya tabaka la pili visikae juu ya viungo vya la kwanza.

Paka rezini kwenye jelikoti kwanza, laza mati ya gramu 300 juu yake, kisha gongagonga kwa ncha ya brashi. Usipake kama unapaka ukuta, utazivuta nyuzi. Ngoja dakika moja au mbili. Mati nyeupe inageuka kuwa kama kioo chenye ukungu, na palipobaki peupe ama pakavu ama pana hewa. Pitisha rola ya chuma taratibu kutoka katikati kwenda nje, utasikia vijipovu vikipasuka. Kwenye kona tumia ncha ya brashi iliyokatwa fupi. Watu huongeza rezini kila wanapoona doa jeupe, lakini mara nyingi hewa ndiyo tatizo na rola ndiyo dawa. Rezini nyingi kupita kiasi inaongeza uzito na inafanya faiba ivunjike kama sahani ya udongo.

Tabaka hilo la kwanza liache ligande peke yake. Ukirudi, kwangua nyuzi zilizosimama, kisha laza mbili za gramu 450 kwa mfululizo, na sakafuni lile la kusuka katikati yake. Usizidishe tabaka tatu nene kwa mkupuo mmoja. Joto lake litalikunja buti ndani ya kalibu.

Kuta za upana wa sentimita 80 zitachezacheza hata zikiwa nene. Badala ya kuongeza mati kila mahali, pasua bomba la maji la plastiki la nusu inchi kwa urefu, libandike kwenye ukuta kwa ndani upande wa mviringo ukikutazama, funika kwa tabaka mbili za mati. Mbavu mbili kama hizo kwa kila ukuta mpana zinatosha. Povu jeupe linalofungiwa friji na televisheni mpya kwenye maboksi usilitumie popote, stairini inaliyeyusha mbele ya macho yako.

Mchanganyiko wa mwisho wa ndani utiwe nta maalumu ya rezini, kwa sababu poliesta inayogusana na hewa hubaki ikinata. Toa buti kwenye kalibu siku ya pili, kisha liache nje siku kadhaa harufu itoke na faiba ikomae kabla ya kutoboa.

Madigadi

Kwa umbo la mviringo, kalibu ya mbao ni taabu bure. Kata mbavu za plaiwudi zinazofuata duara unalolitaka, zifunge kwenye chombo chenyewe juu ya mpira, ukiwa umeshaweka zile sentimita 5. Vuta juu yake kitambaa kinachonyumbuka, kama cha fulana nzito, kikaze kwa pini mpaka mikunjo iishe. Kipake rezini mpaka kilowe kote. Kikiganda una ganda jembamba lenye umbo kamili. Litoe, laza tabaka mbili za gramu 450 upande wa ndani, unakorushwa mchanga na kokoto. Upande wa nje piga msasa na puti. Ni kazi ya vumbi, lakini kila chombo kinapata madigadi yanayolingana nacho. Mbavu za plaiwudi zitoke zote. Zikibaki zitanyonya maji na kuoza.

Pembe ya mbele ya digadi, kati ya mpira na ubavu wa kiti, kuna nafasi ambayo kwa kawaida inapotea. Pajengee kijaluba cha kukaa kadi ya chombo, chaja na pampu, chenye mlango mdogo unaofunguka upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, ukisimama kando ya barabara mkono wako uko upande salama. Kwa sababu hiyohiyo, kama buti litakuwa na mlango wa ubavuni, uwe kushoto.

Kifuniko na maji

Mvua ya masika haiingii kwenye buti kutoka juu. Inaingia kutoka chini, ikirushwa na magurudumu, na kwa pembeni upepo ukiisukuma. Kwa hiyo raba peke yake haitoshi. Fanya kama milango ya juu ya sitaha ya boti: ukingo wa mdomo wa buti uinuke sentimita 2, na kifuniko kiwe na kingo zinazoshuka nje yake sentimita 2 na nusu. Raba ya mlango wa gari, iliyotoka kwenye gari bovu, ikae juu ya ukingo. Maji yatakayopita chini ya kifuniko yatakutana na ukingo na kurudi.

Kifuniko kiwe na mgongo kidogo, kimo cha sentimita 2 katikati, ili maji yateremke na kisilegee mtu akikikalia, maana watakikalia tu. Ndani yake bandika plaiwudi ya milimita 6 iliyofunikwa mati pande zote bila kuacha uwazi hata wa sindano. Bawaba ziwe za stenlesi na zikae upande wa mbele. Kifuniko kikifunguka njiani, upepo utakisukuma kirudi chini, hautakinyanyua. Kila kona ya chini ya sakafu toboa tundu la milimita 10, na ukingo wa kila tundu upakwe rezini, kwa kuwa nyuzi zilizokatwa zinanyonya maji.

Wanaobeba samaki au pweza kwenda sokoni wajenge ukuta wa pili ndani, waache nafasi ya sentimita 4 na kuijaza povu la poliyurethani, hilo haliyeyushwi na stairini. Sakafu iteremkie upande mmoja kwenye kizibo cha kutolea maji ya barafu. Buti la namna hiyo lina ujazo mdogo na uzito mkubwa, rudi kwenye mizani upige hesabu upya.

Petroli ya akiba usiiweke ndani ya buti lililofungwa. Betri ikikaa humo, iwe na tundu la hewa lake.

Kufunga, rangi na majaribio

Bolti ziwe M8 za stenlesi, na kila moja iwe na washa pana juu na chini. Chini ya kila bolti, ndani ya buti, weka bamba la chuma la sentimita 5 kwa 5 lililolazwa juu ya rezini iliyokolezwa kwa mabaki ya nyuzi, lipate kukaa bila kuyumba. Kati ya faiba na fremu weka raba iliyokatwa kwenye ukuta wa mpira mkuukuu. Tundu kwenye faiba liwe kubwa kuliko bolti kwa milimita moja au mbili. Fremu inajipinda kila unapopanda jiwe, na faiba iliyobanwa bila nafasi itapasuka hapo. Kaza mpaka raba ianze kutoka pembeni, basi. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani.

Waya za taa zipite kwenye tundu lenye raba, na uache kitanzi cha ziada ili buti liweze kutolewa bila kukata chochote.

Rangi sina mengi. Osha kwanza kwa maji na sabuni, kisha asetoni, kuondoa nta yote kabla ya msasa, maana ukianza na msasa unaisugua nta iingie ndani na rangi haitashika. Halafu msasa namba 80 kwenye puti, 240, 400 kwa maji, praima, kisha rangi ya gari ile ya kuchanganya vichupa viwili. Upande wenye jelikoti nzuri hauhitaji rangi kabisa.

Jaribu na mchanga kwenye viroba, uliopimwa, ukianza na nusu ya mzigo. Zunguka kona za polepole pande zote mbili, funga breki kwenye mteremko, kisha upite barabara mbovu kwa nusu saa. Rudi ukaze bolti, utazikuta zimelegea, raba zimejilaza. Gonga kuta kwa kifundo cha kidole karibu na kila bolti: sauti ikiwa butu mahali pamoja tu, tabaka zimeachana hapo, pakwanguliwe na kulazwa mati upya. Rudisha gurudumu la mbele kwenye mizani mzigo ukiwa ndani, ulinganishe na namba ya mwanzo. Uzito unaoruhusiwa uandike kwa rangi ndani ya kifuniko, herufi kubwa.

Rezini iliyobaki ifungwe vizuri, ikae kivulini, na tarehe iandikwe juu ya dumu. Kwenye joto letu haikai mwaka: ikianza kuwa nzito kama asali kabla hujaitia hadina, haifai tena hata kwa kuziba ufa.